Njano isiyokuwepo: je, sote tunaona rangi zilezile?

Fungua picha ya alizeti kwenye simu yako, kisha jiulize ile njano inatoka wapi. Kioo cha simu, sawa na cha televisheni au kompyuta, kina vitaa vidogo mno vya aina tatu tu: vyekundu, vya kijani na vya buluu. Dondoshea kioo tone dogo la maji. Litageuka lenzi na utaviona vitaa vyenyewe. Penye njano utakuta vyekundu na vya kijani vimewaka pamoja. Cha njano hakuna hata kimoja.

Alizeti yenyewe ikiwa mbele yako hurudisha mwanga wa namna nyingine, ukiwemo ule wenye urefu wa wimbi wa nanomita 580 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), ambao hata ukija peke yake tunauita njano. Kifizikia hivyo ni vitu viwili mbalimbali, na jicho lisilo na kasoro yoyote haliwezi kuvitenganisha. Kwa hiyo hata anayejivunia macho mazima ni kipofu wa rangi kwa kiasi fulani. Upofu wake haukupewa jina kwa sababu karibu kila mtu anao.

Naanzia hapo kwa makusudi. Mazungumzo ya upofu wa rangi huchanganya maswali mawili. La kwanza: je, macho yangu na yako yanaweza kutofautisha vitu vilevile? La pili: tukishakubaliana kwamba ua hili ni jekundu, ninachokiona mimi ndicho unachokiona wewe? La kwanza lina majibu, tena ya kupimika. La pili ndilo linalowakesha watu wakibishana, na kwa kawaida hufungwa kwa kusema "hilo hatutalijua kamwe". Naona jibu hilo tunalikimbilia mapema mno.

Mwanga wenyewe hauna rangi. Isaac Newton, aliyeutawanya mwanga wa jua kwa mche wa kioo miaka ya 1660, alilisema hilo waziwazi katika kitabu chake cha mwaka 1704: miale haina rangi, ina uwezo tu wa kuamsha ndani yetu hisia ya rangi hii au ile. Kinachotofautiana katika mwanga ni urefu wa wimbi, nasi tunaona kuanzia takriban nanomita 380, upande wa zambarau, hadi kama 700, upande wa nyekundu. Mengine yote hufanyika kuanzia jichoni kwenda ndani.

Nyuma ya jicho kuna retina, na humo mna seli za aina mbili zinazotupatia picha. Seli za vijiti ni nyingi, zinakadiriwa kukaribia milioni 100, na kazi yake ni kuona kwenye mwanga hafifu. Seli za koni ni chache zaidi, kama milioni sita, nazo zimesongamana katikati ya retina. Rangi ni kazi yake. Koni zenyewe ziko za aina tatu kulingana na protini inayonasa mwanga: za mawimbi mafupi, zinazoitika zaidi kwenye nanomita 420 hadi 440 hivi, za mawimbi ya kati, karibu na 530, na za mawimbi marefu, karibu na 560. Hizo namba mbili za mwisho zimekaribiana sana, na tutazirudia. Watu wamezoea kusema "koni nyekundu", lakini hiyo wanayoiita nyekundu huitika zaidi kwa mwanga ambao wengi wetu tungeuita njano yenye ukijani.

Maelezo mengi hulipita jambo hili haraka: koni moja haioni rangi. Inachopima ni kiasi tu. Mwanga hafifu wa wimbi inalolipokea vizuri na mwanga mkali wa wimbi inalolipokea vibaya huiamsha sawasawa, nayo haina njia ya kueleza ni upi uliofika. Rangi huzaliwa pale ishara za koni mbalimbali zinapolinganishwa. Ya mawimbi marefu imeamka kuliko ya kati? Hizo mbili kwa pamoja zimeizidi ya mawimbi mafupi? Ndiyo maana simu inafaulu kutudanganya: vitaa vyekundu na vya kijani vikiziamsha koni kwa uwiano uleule wa mwanga wa njano, jibu la ulinganisho linatoka lilelile. Thomas Young, daktari na mwanafizikia wa Uingereza, alipendekeza mwaka 1802 kwamba vipokezi vya aina tatu vingetosha kwa rangi zote tunazoziona. Hakuwa na njia ya kuziona koni hizo. Alipiga hesabu tu, na ikatoka sawa.

Sasa ondoa koni za aina moja. Ulinganisho mmoja unakufa, na rangi zote zilizokuwa zikitenganishwa nao zinaangukia mahali pamoja. Huo ndio upofu wa rangi katika umbo lake kamili. Zikikosekana za mawimbi marefu au za kati, nyekundu, kijani, kahawia na rangi ya machungwa hukaribiana mno, zambarau huonekana buluu, na waridi iliyopauka huweza kuishia kijivu. Lakini wengi wanaoitwa vipofu wa rangi hawajakosa aina yoyote. Wana aina zote tatu, ila protini ya aina moja imehama na kusogelea ya jirani yake, hivyo tofauti kati ya ishara hizo mbili ni ndogo mno. Kwao nyekundu na kijani zipo. Zinafifia tu, hasa mwanga ukiwa mdogo, kitu kikiwa chembamba au rangi ikiwa imepauka.

Kwa nini basi ni nyekundu na kijani, na kwa nini wanaume? Majibu yote mawili yako mahali pamoja. Jeni za protini ya mawimbi marefu na ile ya kati, zilizotambuliwa na mtafiti Jeremy Nathans na wenzake mwaka 1986, zimekaa bega kwa bega kwenye kromosomu ya X, na zinafanana kwa zaidi ya asilimia 95. Yai la mama linapotengenezwa, kromosomu zake mbili za X hupangwa sambamba na kubadilishana vipande. Jeni zinazofanana hivyo ni rahisi kupangana kombo, mbadilishano ukaacha kromosomu moja ikiwa imepungukiwa jeni, au ikiwa na jeni chotara, nusu ya huku na nusu ya kule. Mwanamke mwenye X moja yenye hitilafu kwa kawaida huokolewa na ya pili. Mwanamume ana moja tu, aliyopewa na mama yake. Kati ya wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, kama asilimia 8 wana hitilafu ya nyekundu na kijani, dhidi ya nusu asilimia hivi ya wanawake. Kwa watu wa asili nyingine nyingi viwango ni vya chini zaidi. Jeni ya koni za mawimbi mafupi iko kwenye kromosomu namba 7, hivyo hitilafu yake, ambayo ni adimu sana, haichagui jinsia.

Mtu wa kwanza kuichambua hali hii kwa kina alikuwa akijichambua mwenyewe. John Dalton, yule mwanakemia wa nadharia ya atomu, alisoma maelezo yake mbele ya chama cha wasomi cha Manchester mwaka 1794. Alisema nta nyekundu ya kufungia barua na jani la kijani vilimlingana, na kwamba ua moja la jeranio lililoonekana buluu mchana liligeuka jekundu chini ya mshumaa. Aliwauliza wenzake kama nao wanaliona likibadilika hivyo, wakakataa. Isipokuwa kaka yake.

Dalton alikuwa na nadharia yake: ute ulioyajaza macho yake lazima ulikuwa wa buluu, ukinywa mwanga mwekundu kabla haujafika nyuma. Aliagiza macho yake yachunguzwe akifa. Alifariki mwaka 1844, daktari wake akalipasua jicho moja na kukuta ute mwangavu, usio na buluu yoyote. La pili alilitoboa kwa nyuma akachungulia vitu kupitia humo, na rangi hazikubadilika. Mabaki yakahifadhiwa. Mwaka 1995, miaka 151 baadaye, watafiti walitoa DNA katika mabaki hayo na kukuta kwamba Dalton hakuwa na jeni ya koni za mawimbi ya kati. Nadharia yake ilikuwa mbovu, ila wasia wake ndio uliotupa jibu. Katika lugha kadhaa hali hii mpaka leo huitwa kwa jina lake.

Wenye hali hii watakwambia kinachowachosha zaidi si taa za barabarani, kwa sababu taa hizo zina mpangilio wa juu na chini unaojulikana. Ni kile kitaa kimoja cha chaja kinachobadilika kutoka nyekundu kuwa kijani mahali palepale. Ni grafu yenye mistari sita iliyotofautishwa kwa rangi tu. Na ni kunyoshewa kila kitu kilichopo chumbani na kuulizwa, "Na hii je, ni rangi gani?" Swali hilo ni bovu kuliko linavyoonekana. Mtu aliyekua akisikia kwamba nyasi ni za kijani atajibu kijani, kwa kukumbuka, kwa kukisia mng'ao, kwa kuangalia kitu kiko wapi. Baadhi hufika utu uzima bila kujua kwamba wana tofauti yoyote.

Kipimo kizuri kwa hiyo lazima kimnyime mtu njia zote za kukisia. Shinobu Ishihara, daktari wa macho wa Japani, alichapisha chake mwaka 1917: duara lililojaa vidoa vya ukubwa mbalimbali na mng'ao mbalimbali, vilivyochanganywa ovyo kwa makusudi, ili tarakimu iliyojificha humo iweze kusomwa kwa rangi peke yake. Kitabu chake kina kurasa za kinyume pia, ambapo mwenye upofu wa rangi anasoma tarakimu na mwenye macho ya kawaida haoni kitu.

Kurasa hizo za kinyume zinastahili kuchukuliwa kwa uzito. Mwaka 2005 watafiti wa Cambridge waliwapa watu jozi za rangi zilizoundwa kwa hesabu maalumu. Wanaume ambao koni zao za mawimbi ya kati zimehama walitofautisha bila shida jozi ambazo kwa wenye macho ya kawaida zilikuwa kitu kimoja. Protini yao iliyohama hufanya ulinganisho mwingine, usiofanywa na macho yetu, hivyo wana rangi ambazo sisi hatuna. Ni chache, ila zipo. Sasa nani ni kipofu hapo? Inategemea ni nani aliyeandaa mtihani.

Hata miongoni mwa wanaofaulu kila ukurasa, mambo hayako sawa. Mwaka 1881 Lord Rayleigh, mwanafizikia wa Uingereza, aliwataka watu wachanganye mwanga mwekundu na wa kijani mpaka ulingane na njano tupu. Wengi walitumia vipimo vinavyokaribiana, lakini wachache, wakiwemo shemeji zake, walihitaji mchanganyiko wa mbali sana, na hawakuwa wamewahi kujua. Hata wale wengi hawakulingana kabisa, na leo tunajua sababu mojawapo. Kwenye protini ya mawimbi marefu, nafasi ya 180 inaweza kukaliwa na asidi amino (kijenzi cha protini) moja kati ya mbili, na badiliko hilo dogo husogeza kilele cha koni kwa nanomita kadhaa. Zote mbili ni za kawaida kabisa katika jamii. Juu ya hapo, lenzi ya jicho hugeuka njano kadiri umri unavyosonga na kuzuia sehemu ya buluu. Babu na mjukuu wakitazama anga moja, mwanga unaozifikia retina zao si mmoja.

Wala jicho lako mwenyewe halilingani na lenyewe. Kitovu hasa cha retina, kile unachosomea maneno haya, hakina koni za mawimbi mafupi. Hapo katikati kila mtu ni kipofu wa buluu, na ubongo hupaziba bila kukuarifu. Usiku mwanga ukipungua sana hubaki vijiti peke yake, na kwa kuwa ni vya aina moja tu, hakuna cha kulinganishwa. Rangi zote zinaondoka.

Tufike kwenye swali la pili. John Locke, mwanafalsafa wa Uingereza, aliliuliza mwaka 1690 kwa maua mawili: itakuwaje kama kile ninachokipata mimi nikitazama ua la rangi ya zambarau ndicho unachokipata wewe ukitazama ua la rangi ya machungwa? Tungekua tukitumia majina yaleyale, tungepanga maua vilevile, na wala tusingegundua. Fumbo hili limedumu kwa sababu linajikinga lenyewe. Kila jaribio la kulipima linapitia maneno au matendo, na hayo ndiyo yasiyobadilika.

Lakini kinga hiyo ina matundu. Kwanza, rangi hazijapangwa kwa ulinganifu unaoruhusu kugeuzwa kirahisi. Njano iliyoiva ni angavu. Buluu iliyoiva ni nzito na ya giza. Njano ukiitia giza inaacha kuwa njano na kuwa kahawia au zeituni, ilhali buluu ukiitia giza inabaki buluu. Mtu ambaye rangi hizo mbili zimebadilishana mahali angejikwaa kwenye majibu yake juu ya mng'ao na vivuli. Mgeuzo wa siri kabisa ungelazimika kubeba pia mng'ao, idadi ya vivuli na ukaribu wa kila rangi na kila nyingine. Sisemi hauwezekani. Nasema Locke aliuchukulia kuwa rahisi.

Pili, kuna vipimo vinavyokaribia zaidi hisia kuliko majina. Mwambie mtu atafute njano isiyoegemea nyekundu wala kijani, hata chembe. Watu huangukia karibu mahali pamoja, jirani na nanomita 575 hadi 580. Mwaka 2005 watafiti walipiga picha za koni ndani ya macho ya watu walio hai na kukuta kwamba uwiano wa koni za mawimbi marefu kwa zile za kati ulianzia karibu moja kwa moja kwa mtu mmoja na kufikia kumi na sita kwa moja kwa mwingine. Retina hizo zilitofautiana kupindukia, lakini njano yao ilikuwa karibu ileile. Utafiti wa mwaka 2002 ulionyesha pia kwamba mtu akikaa na lenzi za rangi saa kadhaa kila siku, njano yake husogea, na hubaki imesogea kwa siku kadhaa baada ya lenzi kuondolewa. Kwa hiyo inaelekea njano haiwekwi na idadi ya koni za mtu. Ubongo huipanga upya kwa kufuata mwanga unaoupata kila siku, na kwa kuwa jua letu ni moja, tunakutana hapo.

Ungetegemea kijani nayo ifuate mkondo huo. Haifuati. Ukiwataka watu hao hao watafute kijani isiyo na unjano wala ubuluu, mmoja atasimama karibu na nanomita 490 na mwingine atavuka 550, na kila mmoja atashangaa mwenzake anawezaje kuiita ile kijani safi. Hapa kuna ushahidi wa wazi kwamba mwanga uleule haumpi kila mtu kitu kilekile, na haukuhitaji falsafa yoyote.

Tatu, wako watu wachache mno ambao jicho moja ni la kawaida na la pili lina upofu wa rangi. Mwaka 1958 watafiti Graham na Hsia, wa Chuo Kikuu cha Columbia, waliripoti habari za mwanamke wa namna hiyo. Alionyeshwa mwanga kwenye jicho lenye hitilafu, kisha akatafuta kwa jicho zima rangi inayolingana nao. Mawimbi yote marefu, kuanzia kijani hadi nyekundu, aliyalinganisha na njano moja. Mafupi aliyalinganisha na buluu moja. Katikati palikuwa na kijivu. Picha nyingi zinazodai kuonyesha dunia anavyoiona kipofu wa rangi zimejengwa juu ya ushahidi wa aina hii. Ziangalie kwa tahadhari, maana ubongo wa mwanamke huyo ulikuwa umekua na jicho moja linaloona nyekundu, na hatuna uhakika kwamba aliyezaliwa na hitilafu kwenye macho yote mawili anapata njano hiyohiyo.

Mvutano kuhusu gauni lililosambaa intaneti Februari 2015 ni habari nyingine. Wengine waliliona jeupe na dhahabu, wengine buluu na nyeusi, na ukweli lilikuwa buluu na nyeusi. Koni hazikuwa na hatia. Ubongo hukisia kwanza kitu kimemulikwa na mwanga gani, kisha huuondoa, na ile picha haikutoa dalili ya kutosha, kwa hiyo kila ubongo ukakisia lake.

Na miwani? Kuna inayouzwa kwa video za watu wakibubujikwa na machozi. Kinachofanywa na lenzi hizo ni kukata mawimbi ambayo koni za kati na za mawimbi marefu huyapokea kwa pamoja, ili tofauti kati yake ijitokeze zaidi. Aliye na aina zote tatu anaweza kunufaika kiasi. Aliyekosa aina moja hawezi kuletewa na kioo kile ambacho retina yake haina.

Kuongeza koni kwa jeni ni jambo jingine, na limeshafanyika kwa wanyama. Mwaka 2009 watafiti Jay na Maureen Neitz, wa Chuo Kikuu cha Washington, na wenzao walitangaza kwamba kima wawili wa kiume wa jamii ambayo madume huzaliwa na protini za aina mbili tu walipewa jeni ya binadamu ya mawimbi marefu kwenye retina. Mmoja aliitwa Dalton. Walikuwa watu wazima tayari, na wengi walitarajia ubongo wao ungekuwa umekwisha kukomaa bila nafasi ya rangi mpya. Baada ya miezi kama mitano wakaanza kufaulu vipimo vya nyekundu na kijani. Wanachokiona hawawezi kutusimulia.

Binadamu wanaweza. Kuna hali adimu, ya kama mtu mmoja kati ya 30,000, ambamo koni zote hazifanyi kazi na mtu huishi kwa vijiti tu: mchana unamuumiza macho, na hana rangi hata moja. Huko Jerusalem wagonjwa wanne wa hali hiyo walitibiwa kwa jeni, na matokeo ya vipimo vyao yakachapishwa mwaka 2023. Hawakuanza kuona dunia ya rangi. Walianza kuitambua nyekundu, basi, na walipoombwa waeleze inaonekanaje, hawakuifananisha na rangi yoyote waliyowahi kusikia ikisimuliwa. Walisema kitu chekundu kinaonekana kama hakiko usawa mmoja na kilicho nyuma yake, kana kwamba kimekaa kwenye kina kingine.